Je, Kunakili Kumbukumbu Kunaichelewesha Kompyuta?

Mada hii ilitolewa kwenye mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia, wakiwepo pia wageni wetu kutoka mashirika rafiki. Tumeipunguza kidogo ili ienee kwenye jarida.



Namshukuru Baba Mkurugenzi kwa kunipa nafasi hii kabla ya chakula, maana baada ya chakula mada ya kompyuta humlaza hata mtoa mada.

Nimeombwa nijibu swali moja. Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja, mjumbe wa kamati ya parokia, alisimama akauliza hivi: kompyuta ya zahanati inakwenda polepole, na tumeambiwa ni kwa sababu kila siku inanakili kumbukumbu zake, basi kwa nini isiache kunakili, wagonjwa wahudumiwe haraka? Watu wachache walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee alisema kweli. Kunakili kunaichelewesha kompyuta. Mafundi wengi hukana jambo hili mbele ya wenye ofisi, na matokeo yake ni kwamba wenye ofisi huizima kazi hiyo kimya kimya, halafu fundi anakuja kugundua siku ya msiba. Afadhali tukubali, kisha tuulize inachelewesha kiasi gani, saa ngapi, na kwa njia ipi.

Ninaposema hifadhidata nina maana ya lile daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta: kadi za wagonjwa wa zahanati, hisa na mikopo ya wanachama wa SACCOS, orodha ya watoto tunaowalipia ada. Na nakala ya akiba ni daftari la pili lenye maneno yale yale, lililowekwa mahali pengine.

Jambo hili si geni kwetu. Someni Yeremia sura ya 32. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii akanunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Hati ziliandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, na zote mbili Baruku akaagizwa kuzitia katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Hati iliyo wazi ni ya kazi ya kila siku. Iliyotiwa muhuri haiguswi mpaka pale itakapotokea shaka. Sura ya 36 inatupa upande mwingine: mfalme Yehoyakimu alikikata kitabu cha nabii kwa kisu na kukichoma kipande kwa kipande, na Baruku akalazimika kuandika upya. Lakini Baruku alikuwa na bahati, kwa sababu mwenye maneno alikuwa hai karibu naye na aliyakumbuka. Sisi mgonjwa akishatoka mlangoni, ameondoka na maneno yake.

Kwa nini kompyuta inachoka

Chukueni mfano wa karani mmoja dirishani. Kuna foleni ya akina mama, na kila anayefika karani anatafuta kadi yake. Sasa mwambieni karani huyo huyo, wakati huo huo, anakili daftari zima kwa mkono kuanzia ukurasa wa kwanza. Atafanya yote mawili, ila kila akiitwa dirishani ataweka kalamu, atakwenda kabatini, atarudi, atatafuta alipoishia. Diski ya kuzunguka ndivyo inavyofanya. Ina mkono mmoja wa kusomea, na mkono huo unatupwa huku na huku kati ya kadi ya mama aliye dirishani na ukurasa unaonakiliwa. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka zinavumilia zaidi, lakini nazo zina kikomo.

Kuna la pili. Kompyuta huweka mezani kwake, yaani kwenye kumbukumbu ya muda, zile kadi zinazoitwa mara kwa mara. Kunakili kunapitisha daftari lote juu ya meza hiyo, hata kurasa za miaka mitano iliyopita ambazo hakuna anayezihitaji, na zile za leo zinasukumwa chini. Ndiyo maana mashine huendelea kuwa nzito kwa muda hata baada ya kunakili kwisha. Zaidi ya hayo, kama nakala inabanwa iwe ndogo, akili ya mashine inatumika huko. Kama inapelekwa ofisi nyingine kwa waya, njia nayo inajaa.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni kufuli. Hapa naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Zahanati moja katika eneo letu, sitaitaja, ilikuwa na umeme wa jua na jenereta iliyozimwa kila jioni. Mimi ndiye niliyepanga saa ya kunakili. Usiku haiwezekani, mashine imezimwa. Nikapanga saa nne asubuhi, nikijiambia kwamba nakala itakayofanyika mapema haitasahauliwa. Programu yao ilikuwa ya zamani, inatumia MySQL, na majedwali yake yalikuwa ya aina iitwayo MyISAM, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa MySQL mpaka toleo la 5.5 lililotoka mwaka 2010. Majedwali ya aina hiyo yanaponakiliwa kwa njia ya kawaida hufungwa. Anayesoma anaruhusiwa, anayetaka kuandika anasubiri mpaka nakala ikamilike. Na saa nne asubuhi, ndugu zangu, ndiyo saa ya kliniki ya watoto.

Kadi ambayo kwa kawaida ilihifadhiwa kabla hujamaliza kutaja jina la mtoto, saa hiyo ilichukua muda wa kusali Baba Yetu nzima, na siku nyingine Salamu Maria juu yake. Dada wa mapokezi ndiye aliyegombezwa na akina mama. Akajifunza kwamba kile kidirisha cheusi kikitokea, ukikifunga, mashine inarudi kuwa nyepesi. Akawa anakifunga kila siku. Simlaumu hata kidogo. Yeye alikuwa anawahudumia watu, na mimi nilikuwa nimempangia kazi isiyowezekana bila hata kumuuliza saa yake ya msongamano ni ipi.

Baada ya miezi minne umeme uliruka na diski ikafa. Nakala ya mwisho iliyokuwa kamili ilikuwa ya miezi minne nyuma. Tuliketi na kadi za karatasi, wasaidizi wawili wakichapa upya kwa majuma mengi. Kadi zilizokuwepo tulizirudisha. Lakini kulikuwa na watoto wa mpango wa lishe ambao uzito wao wa kila mwezi uliingizwa moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumejisifu kwamba karatasi zimekwisha. Hao hatukuweza kujua nani alikuwa anapanda na nani alikuwa anashuka. Muuguzi alilazimika kuanza nao upya, wale waliorudi. Taarifa kwa mfadhili ilichelewa pia, lakini hilo lilisameheka.

Kwa hiyo, mzee wetu, kama ungeuliza siku ile ningekujibu kwamba ndiyo, tuache. Tungeacha, na tungefika pale pale tulipofika.

Tulichobadilisha

Dawa ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Tuliyahamisha majedwali kwenda aina iitwayo InnoDB, ambayo inaruhusu kupiga picha ya daftari kama lilivyokuwa dakika ile kunakili kulipoanza, huku watu wakiendelea kuandika bila kufungiwa. Kwa mafundi waliomo humu, agizo lenyewe ni single-transaction, nanyi mnalijua. Lile agizo lina faida kwa InnoDB tu; ukilitumia kwa majedwali ya zamani utapata picha isiyolingana, kurasa za mwanzo za saa nne na za mwisho za saa tano. Wale wenye zahanati zinazotumia OpenMRS, programu iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao wako juu ya MySQL, na swali la kumwuliza fundi ni hilo hilo.

Kisha tulihamisha saa. Tulimwomba dada wa mapokezi aandike kwa juma moja foleni inapungua saa ngapi, naye akatuletea jibu ambalo hakuna mtaalamu angelijua: saa nane na nusu mchana, wagonjwa wa asubuhi wameshakwenda na wa jioni hawajafika. Kunakili kote kukapelekwa hapo. Katikati ya siku mashine inaweka kando mabadiliko tu, yaani yale yaliyoandikwa tangu nakala kubwa ya mwisho, na hayo ni machache mno hata hakuna anayehisi.

Je, kuna uzito uliobaki? Upo. Saa nane na nusu mashine inakuwa nzito kidogo na dada analijua hilo. Ndiyo saa anayokunywa chai.

Kunakili na matengenezo ya kawaida

Sehemu ya pili ya swali ni kama kunakili kunatosha kuwa matengenezo, au kunayazuia. Hapa nitakwenda haraka, ila naomba msichanganye mambo.

Kunakili hakusafishi chochote. Daftari lenye ukurasa uliooza likinakiliwa linatoa nakala yenye ukurasa uliooza. Kwa hiyo kuna ukaguzi wa afya ya hifadhidata, ambao ni kazi ya peke yake, na kuna kupanga upya faharisi, ile orodha inayoiwezesha mashine kufika kwenye kadi bila kupekua zote. Ofisi ikisema kompyuta imekuwa nzito mwezi hadi mwezi, na siyo saa ya kunakili tu, mara nyingi ugonjwa uko huku. Msiizime nakala kwa kosa la faharisi.

Mambo haya hugongana kwa namna inayotegemea programu. Wanaotumia DHIS2, ambayo wizara za afya za nchi zetu zinaitumia kukusanya takwimu, wako juu ya PostgreSQL. Hiyo haimfungii mwandishi wakati wa kunakili, lakini nakala ikichukua saa nyingi, kazi ya kufagia safu zilizokwisha kufutwa inasubiri, kwa sababu mwenye kunakili bado anaitazama picha ya zamani na mashine haiwezi kuitupa. Takataka zinarundikana. Tena fundi akijaribu kubadilisha muundo wa jedwali wakati huo, atasimama mlangoni, na wote wanaokuja nyuma yake watasimama pia. Hapo kunakili kumezuia matengenezo kweli, na dawa ni kutokuyapanga saa moja.

Kwa upande mwingine, baadhi ya programu za hesabu zinatumia SQL Server. Humo mambo yanageuka kabisa. Ikiwa imepangwa kutunza kumbukumbu kamili, kila badiliko linaandikwa kwenye shajara yake, na shajara hiyo haipunguzwi mpaka nayo inakiliwe. Anayeacha kuinakili ili kuongeza kasi ataiona inakua, inakua, mpaka diski inajaa na hakuna anayeweza kuingiza hata stakabadhi moja. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi iliyokuwa katika hali hiyo mwisho wa mwezi, siku ya mishahara. Nakala kubwa ya kila usiku walikuwa nayo. Hawakujua kwamba hiyo peke yake haiifupishi shajara. Kwa programu hiyo kunakili ni sehemu ya matengenezo yenyewe. Na toleo lake la bure, lililoko kwenye ofisi nyingi ndogo, halina kile chombo cha ndani cha kupanga kazi kwa saa, hivyo asiyepanga kwa njia nyingine hana nakala yoyote, hata kama anadhani anayo.

Utaratibu ninaoshauri ni huu: nakili kwanza, ndipo ufanye usafi mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya usafi, una pa kurudia. Na mjue kwamba usiku wa kupanga faharisi upya, nakala ya mabadiliko inayofuata itakuwa nene kuliko kawaida, maana karibu kila ukurasa umeguswa. Asiyejua hili huamka akadhani mashine imeingiliwa.

Wenye daftari la Access kwenye kompyuta moja, na najua mpo wengi: funga programu kwanza kwa watumiaji wote, ndipo ulinakili faili. Faili linalonakiliwa huku mtu anaandika linaweza kutoka limevunjika. Nalo lina ukomo wa gigabaiti 2, kwa hiyo msisahau kulibana mara kwa mara, baada ya kunakili na siyo kabla.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linanikosesha usingizi kuliko kasi.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni iitwayo GitLab, ambayo kazi yake yote ni kutunza kazi za watengeneza programu, ilipatwa na ajali. Mashine zao zilikuwa zimelemewa, fundi alikuwa akihangaika usiku kurekebisha hifadhidata ya pili, na kwa makosa akafuta kwenye mashine kuu. Katika gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5 alipojizuia. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi vizuri au iliyokuwa imewekwa tangu mwanzo. Nakala ya kila siku ilikuwa inashindwa kwa sababu chombo cha kunakilia kilikuwa cha toleo tofauti na hifadhidata, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kama saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hata hivyo walipoteza kazi za saa hizo. Nawapongeza kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, tena ajali ikiwa bado inaendelea.

Hao ni watu wenye mafundi wengi. Sisi wenye fundi mmoja kwa parokia kadhaa tuna sababu gani ya kuamini diski ambayo hatujawahi kuifungua?

Tena naomba diski hiyo isiachwe imechomekwa. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia hospitali za Uingereza. Taasisi zisizopungua 81 za huduma ya afya kule England ziliathirika. Virusi vya aina ile hufunga kila kinachofikika, pamoja na diski ya akiba iliyo kando ya mashine. Chombo cha udongo cha Baruku hakikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mfalme. Diski moja ikae kabatini kwa Baba Paroko, nyingine ofisi ya idara, zibadilishane kila juma. Zifungwe kwa nywila, kwa sababu zina siri za wagonjwa, na hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuwajibisha sisi tunaozitunza.

Ninachoomba

Kwa wageni wetu wafadhili nasema kwa heshima na shukrani. Mmetupa kompyuta, na zinafanya kazi. Katika bajeti nyingi za miradi ninazoziona kuna mstari wa kununua kompyuta na hakuna mstari wa kuzitunza. Diski mbili za nje, betri ya kukinga mashine umeme unapokatika, na nauli ya fundi mara nne kwa mwaka: hayo yakiongezwa kwenye mradi wa zahanati ni fedha ndogo kuliko bei ya kompyuta moja. Mkitaka kujua kama tunaitunza zawadi yenu, msiulize kama tunanakili. Tutajibu ndiyo, na hata mimi nilijibu ndiyo kwa miezi ile minne. Ulizeni ni lini mara ya mwisho tulirudisha nakala ikafunguka.

Kwa kamati za parokia ombi ni la muda. Msimruhusu mtu yeyote, hata fundi kutoka idarani, apange saa ya kunakili bila kuketi na anayekaa dirishani. Na dada au kaka wa dirishani akisema mashine ni nzito, asinyamazishwe. Aandike saa na dakika, tutajua kama ni nakala, faharisi, au diski inayokaribia kufa.

Robo ijayo tutaanza jaribio. Tutachukua kompyuta kuukuu isiyo na kitu, tutaweka nakala ya SACCOS ya parokia mojawapo, na tutaifungua mbele ya kamati. Kila mjumbe ambaye ni mwanachama aje na kitabu chake cha hisa. Tutasoma salio lake kwenye kompyuta hiyo, yeye alilinganishe na lililo mkononi mwake. Mzee aliyeuliza swali nimeshamwomba awe wa kwanza, naye amekubali, ila amesema atakuja na miwani yake mwenyewe.